Kamati mpya imeingia. Je, kanuni za zamani bado zinatufunga?

Mwana Langoni (mleta uzi)

Assalaamu alaykum wanajamvi.

Kuna jambo limetugawa hapa Lamu, kila baraza lina kauli yake, na nataka tulijadili kwa hoja. Chama kikifanya uchaguzi wakaingia watu wapya kwenye kamati, kanuni zilizokuwepo zinaendelea kufanya kazi, au huondoka na waliozitunga?

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: zinaendelea, mpaka zibadilishwe kwa utaratibu. Kamati mpya ina haki ya kuzibadilisha. Haki ya kujifanya hazipo haina.

Sisi ni chama cha wenye boti na manahodha. Tunavusha abiria baina ya mji, Shela, Mokowe na uwanja wa ndege wa Manda. Uchaguzi tulifanya baada ya Idi, ukapita salama, hakuna aliyelalamika. Walioingia wengi ni vijana, na baadhi yao mimi mwenyewe niliwapa kura, maana kamati iliyotoka ilikuwa imechoka, mikutano haiitishwi, hesabu hazisomwi. Tatizo limeanza kikao cha kwanza. Mwanachama mmoja alisimama akauliza kuhusu zamu ya gati ya Manda. Jibu alilopewa kutoka meza kuu: "Zile zilikuwa kanuni za kamati iliyoondoka. Sisi tutatunga zetu."

Watu wakanyamaza. Hakuna aliyeuliza, mpaka hizo mpya zitungwe, kazi inaendeshwa kwa kanuni gani?

Jawabu tumelipata gatini. Kanuni ya zamu ilikuwa nyepesi: boti iliyotangulia kufika ndiyo inayotangulia kupakia, ikishapakia inarudi mwisho wa foleni. Kabla ya kanuni hiyo mgeni alikuwa hajafika gatini, begi lake limeshashikwa na watu watatu, kila mmoja anamvutia kwenye boti yake. Sasa yamerudi yale yale. Mwenye mashine kubwa anajiweka pale mbele, habanduki. Mwenye mashine ndogo anakaa kutwa, anarudi nyumbani hakupata hata pesa ya petroli. Majuzi manahodha wawili, baba mmoja mama mmoja, walishikana mashati mbele ya wageni.

La zamu naweza kulivumilia. La pili siwezi.

Tuna mfuko wa maafa. Kanuni ya saba inasema mwanachama akifariki, familia yake inapewa kiasi kilichowekwa, ndani ya mwezi mmoja. Mwenzetu alifariki kabla ya uchaguzi. Kamati ya zamani ikaketi, ikaidhinisha, fomu ikatiwa sahihi na muhuri. Ikabaki kwenda benki tu, uchaguzi ukaingia kati. Mjane yuko eda, hawezi kutoka kufuatilia. Kakake ndiye anayepanda na kushuka. Anaambiwa idhini ile ilikuwa ya kamati iliyopita, asubiri kamati mpya iweke utaratibu wake. Marehemu alitoa mchango wake kila mwezi mpaka mwezi aliokufa. Alikitolea chama. Hakumtolea mwenyekiti.

Niliomba kuliona daftari la kanuni nikaonyeshwa. Ni daftari kubwa la jalada gumu, kurasa za mwanzo zimeanza kulegea. Kanuni zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, na chini yake kuna sahihi za waliohudhuria siku hiyo, ukurasa mzima na nusu ya wa pili. Wazee wasiojua kuandika wametia dole gumba, wino umetapakaa mpaka kwenye mstari wa jirani. Pembeni ya kanuni ya saba mtu amepiga mstari kwa penseli, akaandika: "kamati iliyopita."

Hapo ndipo nilipoona kosa lilipo. Zile dole gumba si za kamati. Ni za wanachama, siku ya mkutano mkuu. Kamati ilikuwa imekaa mbele kuongoza kikao na kuandika. Kamati kuondoka kunafutaje kauli ya wanachama ambao bado wapo, bado wanalipa, na wengine wao ndio hao hao walioipigia kura kamati mpya?

Naomba michango yenu. Wanaojua sheria wanisahihishe.

Boti Mpya

Wa alaykum salaam ndugu Mwana Langoni. Mimi ni miongoni mwa vijana unaowasema, ingawa simo kwenye kamati. La mjane niko nawe, alipwe leo kabla ya kesho. Kwa mengine nina neno.

Hizo kanuni zilipopitishwa mimi nilikuwa darasa la tano. Sikutia sahihi, sikutia dole. Leo nina boti yangu na leseni yangu, naambiwa nifungwe na karatasi ya watu ambao nusu yao wameshaacha bahari. Zamu unayoisifu iliandikwa wakati boti zilikuwa chache na zote mashine ndogo. Leo kuna mtu ana boti tatu, zote ziko kwenye foleni, kwa hiyo anapata zamu tatu. Mwenye boti moja anapata moja. Hiyo ndiyo haki?

Halafu watu wamepiga kura kutaka mabadiliko. Kama kila kitu kinabaki vile vile, uchaguzi ulikuwa wa nini? Hata Bunge likiingia jipya linaanza upya.

Tanga Mbili

Mimi nimo chamani tangu wengine tulivuka kwa tanga. Nasema neno moja tu. Siku ile ya dole gumba nilikuwepo, na mwenyekiti wa wakati huo alitaka zamu igawiwe kwa umri wa mwanachama. Tulimkatalia. Kwa hiyo anayesema zile ni kanuni za kamati hakuwepo.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya kuandika kumbukumbu za mikutano karibu maisha yangu yote ya ajira, na swali hili nimeliona likivunja vyama vizuri. Niruhusuni niandike kwa urefu.

Nianze na Bunge, kwa kuwa Boti Mpya amelitaja. Kanuni za Kudumu za Bunge la Taifa zilizotumika baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013 zilipitishwa Januari 9, 2013, na Bunge la 10. Yaani wabunge waliokuwa wakifunga virago ndio waliowaandikia kanuni waliokuwa wakija. Bunge la 11 likaingia likazikuta mezani, likaapishwa na kuchagua Spika kwa kanuni hizo hizo. Lilikuwa na uwezo wa kuzirekebisha, lakini kwa kupitia mlango uliowekwa na kanuni zenyewe.

Nendeni juu zaidi. Katiba yetu ya sasa ilipoanza kutumika Agosti 27, 2010, nchi ilibadilisha msingi wake mzima. Jedwali la Sita likasema sheria zote zilizokuwa zikitumika siku hiyo zinaendelea kutumika, zisomwe kwa namna inayoafikiana na Katiba mpya. Fikirieni ingekuwa kinyume: usiku mmoja nchi haina sheria ya ardhi, haina sheria ya ndoa, haina sheria ya vyombo vya baharini. Ikiwa nchi iliyobadili katiba haikufuta sheria zake, chama kilichobadili mwenyekiti kinazifutaje?

Boti Mpya hajakosea kabisa, kwa sababu ziko nchi ambazo chombo huanza upya. Marekani wana mabaraza mawili, na kila moja lina njia yake. Baraza la Wawakilishi wote huchaguliwa kila baada ya miaka 2, na siku ya kwanza kabisa hupiga kura kupitisha kanuni zao. Seneti huchaguliwa thuluthi moja tu kila miaka 2, thuluthi mbili wanabaki, na kwa hiyo Seneti hujihesabu ni baraza lisilokatika. Tangu 1959 kanuni zao zenyewe zinasema wazi kwamba zinaendelea kutoka Kongresi moja hadi nyingine mpaka zibadilishwe. Tazameni lakini: hata lile baraza linaloanza upya hufanya hivyo kwa kura, kikao cha kwanza, mbele ya watu. Halikai miezi bila kanuni likisema "tutatunga zetu".

Chama chenu kiko upande upi? Chama ni kama Seneti kuliko Baraza la Wawakilishi, tena zaidi, kwa sababu wanachama hawakuondoka. Kilichobadilika ni kamati, na kamati ni mtumishi wa mkutano mkuu.

Sasa jambo ambalo watu huchanganya. Si kila kilichoandikwa kwenye daftari kina uzito sawa. Juu kabisa kuna sheria ya nchi. Chini yake katiba ya chama iliyowekwa kwa msajili. Chini yake kanuni zilizopitishwa na mkutano mkuu. Chini yake maazimio ya kamati. Na mwisho kabisa kuna mazoea, yale mambo ambayo watu husema "sisi siku zote hufanya hivi" na hayajaandikwa popote. Aliye chini hawezi kumfuta aliye juu. Kama chama chenu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, hata mkutano mkuu wenyewe hauwezi kubadilisha katiba bila idhini ya maandishi ya msajili. Ushirika nao una neno lake: sheria ndogo za chama cha ushirika zikishasajiliwa humfunga kila mwanachama kana kwamba kila mmoja ametia sahihi. Hilo ni jibu kwa ndugu yangu aliyekuwa darasa la tano. Alipojaza fomu ya uanachama, alitia sahihi yote yaliyokuwemo.

Kwa hiyo ukitaka kujua kanuni inafutwaje, uliza kwanza ilizaliwa wapi. Azimio la kamati, kamati yoyote inaweza kulifuta katika kikao halali chenye akidi. Kanuni ya mkutano mkuu hufutwa na mkutano mkuu. Mazoea ndiyo mepesi kuliko yote, kamati yaweza kuyaacha asubuhi, na yakigongana na kanuni iliyoandikwa, yanaanguka yenyewe.

Upo utaratibu uliozoeleka katika vyama vingi duniani, uliopangwa na mhandisi mmoja wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert. Mwaka 1863 aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa katika mji wa New Bedford, mkutano ukamshinda kwa kelele, akajiapia hatahudhuria mwingine mpaka ajue taratibu. Mwaka 1876 akachapisha kitabu chake. Katika matoleo ya sasa ya kitabu hicho, kufuta azimio la zamani kunahitaji wingi wa kawaida wa kura kama wanachama walipewa taarifa mapema. Bila taarifa ya mapema, zinahitajika thuluthi mbili. Sababu yake ni ya haki tupu. Asiwepo mtu wa kuvizia siku wenzake wako baharini akapitisha mambo na watu saba.

Na kuna vitu ambavyo kweli hufa na kamati. Hoja iliyokuwa haijamalizwa kujadiliwa, hufa. Kamati ndogo zilizoteuliwa na kamati kuu iliyoondoka, huteuliwa upya. Bunge nalo ni hivyo hivyo, mswada ambao haukupita mpaka muhula unakwisha huanguka, atakayeutaka aulete tena. Yaliyokwisha kupitishwa ndiyo yanayobaki.

Bint Mkomani

Ahsante sana Karani, umenifungua macho. Mimi naongeza upande ambao wanaume kwenye uzi huu hawajaugusa, nao tunao mlangoni kila siku.

Wakfu. Mtu ameweka nyumba au shamba wakfu, akashurutisha mapato yake yaende kwa mayatima au kwa mafuta ya taa ya msikiti. Wasimamizi hufa, huja wengine. Je, kuna msimamizi anayeweza kusema sharti lile lilikuwa la wasimamizi waliopita? Mafakihi wana kanuni mashuhuri kwamba sharti la mweka wakfu ni kama andiko la mwenye kuweka sheria. Serikali nayo iliweka sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951, na kazi yao ikawa kuangalia masharti hayo yafuatwe. Wasimamizi wanabadilika kila kizazi, sharti liko pale pale.

Najua mfuko wa maafa si wakfu. Lakini pesa za mfuko zilitolewa kwa ahadi, na kwenye dini yetu ahadi ina uzito. Hadithi inasema Waislamu wako juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mnaona kwamba mlango wa kuvunja sharti baya umewekwa humo humo? Kanuni ya saba haina haramu yoyote. Inamlisha mjane na watoto wake.

Na nimuulize mweka hazina, kwa heshima zote: michango ya wanachama iliyokusanywa na kamati ya zamani mmeipokea? Mmeipokea. Akaunti ni ile ile, hamkufungua mpya. Basi mmekubali fedha za zamani mkakataa deni la zamani.

Kaskazi wa Malindi

Salaam kutoka Malindi. Sisi wavuvi jambo hili tumelionja kwa njia nyingine. Kwenye BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, kuna kanuni za serikali za mwaka 2007 zinazosema jinsi kikundi cha ufuo kinavyoundwa na kuendeshwa, kisha kila kikundi kina sheria zake ndogo. Viongozi wakibadilika, huwa anatokea mtu wa kuwaambia, "Nyinyi si wale, turuhusuni juya." Juya hilo, wavu wa kukokota, limepigwa marufuku na serikali tangu 2001, pamoja na bunduki za kuvulia samaki. Kiongozi mpya hana kalamu ya kuliruhusu, hata achaguliwe na ufuo mzima kwa kauli moja. Hapo nakubaliana na Karani kuhusu ngazi.

Faida yake mimi naiona baharini. Kule Kuruwitu, ndani ya kaunti yetu ya Kilifi, wavuvi wenyewe walitenga eneo la hekta 30 mwaka 2005, hakuvuliwi, wanaliita tengefu. Samaki hazai akakua kwa muhula mmoja wa kamati. Matumbawe ndiyo kabisa. Kama kila uchaguzi ungefungua tengefu mpaka viongozi wapya wakae waamue upya, miezi miwili ya nyavu ingetosha kumaliza kazi ya miaka kumi. Mambo mengine hayana faida yoyote kama hayadumu kuliko walioyaanzisha.

Mfuko wenu wa maafa uko hivyo pia. Nani atatoa mchango leo, ikiwa malipo yatategemea nani ameshinda uchaguzi siku atakayokufa yeye?

Boti Mpya

Nimesoma yote, na hoja ya Kaskazi kuhusu mfuko imeniingia. Lakini Karani anijibu swali hili, kwa sababu mleta uzi hakulitaja.

Wiki ya mwisho kabla ya uchaguzi, kamati iliyoondoka ilikaa peke yake, mlango umefungwa, ikapitisha mambo mawili. Moja, mwenyekiti aliyestaafu atakuwa mjumbe wa kamati maisha yake yote. Pili, kanuni hizo zisiguswe kwa miaka kumi. Zimeandikwa kwenye daftari lile lile, kurasa za nyuma, na muhuri. Kwa mantiki yenu kanuni inaendelea mpaka ibadilishwe. Basi tumefungwa miaka kumi na mwenyekiti wa maisha?

Hili ndilo lililowafanya vijana kusema tunafuta yote. Mnatuona wavunjaji, ila tulianza kwa kuona mlango unapigiliwa misumari usoni petu.

Mwana Langoni

Hilo la kurasa za nyuma silikatai. Nililiona, na linanichukiza kama linavyokuchukiza wewe. Karani atujibu.

Karani Mstaafu

Swali zuri, na jibu lake liko upande wako, kijana wangu.

Nani alipitisha? Kamati, peke yake. Basi kwenye ile ngazi niliyoieleza, hayo ni maazimio ya kamati. Angalia katiba ya chama inasema nini kuhusu wajumbe wa kamati. Kama inasema huchaguliwa na mkutano mkuu, ujumbe wa maisha ulikuwa batili tangu siku ulipoandikwa, kwa kuwa kamati haina uwezo wa kujiongezea kiti ambacho katiba haikukiweka. Kitu batili hakihitaji hata kufutwa, kinatajwa tu kwenye kumbukumbu kuwa hakikuwa na nguvu.

La miaka kumi. Kamati haiwezi kuipokonya kamati ijayo uwezo ambao yenyewe iliutumia. Ulichopitisha kwa kura ya kamati, wenzako watakiondoa kwa kura ya kamati. Mkutano mkuu kupitia katiba waweza kuweka kizingiti, mathalani kwamba jambo fulani lihitaji thuluthi mbili au robo tatu. Hilo ni halali na ni la kawaida. Hata kampuni, kwa Sheria ya Kampuni ya 2015, hubadilisha katiba yake kwa azimio maalumu la asilimia 75. Kizingiti kinasema njia ni ngumu. Kusema njia haipo ni kitu kingine kabisa, na hakuna chombo cha ngazi sawa kinachoweza kumfanyia hivyo mrithi wake.

Sasa tazama hatari ya neno "tunafuta yote". Umekusanya kanuni za dole gumba na maazimio ya mlango uliofungwa ukaviweka kapu moja. Waliofunga mlango walifanya kosa la kujiona wao ndio chama. Kamati mpya ikisema kanuni zote zilikuwa za wale, nayo imejiona hivyo hivyo.

La mjane nalitenga kabisa. Hata kanuni ya saba ikibadilishwa kesho kihalali, haki yake ilishakamilika siku mumewe alipofariki akiwa mwanachama anayelipa. Kwenye sheria zetu zinazotafsiri sheria nyingine, Sura ya 2, kufutwa kwa sheria hakuondoi haki iliyopatikana wakati sheria ile ilikuwa hai. Chama chenu kifuate mwendo huo. Kanuni mpya itazame mbele.

Tanga Mbili

Daftari lina kurasa za mbele na za nyuma. Za mbele tulizitia dole. Za nyuma hatukuonyeshwa. Hilo liandikwe kwenye barua, mimi nitalishuhudia.

Bint Mkomani

Na vijana msisahau kuna familia nyingine zinazotazama. Wanawake wengi mjini hapa ndio wanaowakumbusha waume zao kulipa mchango wa chama mwisho wa mwezi, hasa wakati wa kusi ambapo wageni ni wachache na pesa ni ya kubana. Tukishaona mjane mmoja amezungushwa, tutawaambia waume zetu waweke pesa nyumbani. Mfuko utakauka bila mtu kupiga kura ya kuufuta.

Mwana Langoni

Wanajamvi, nashukuru kwa mchango wa kila mmoja, na leo nina la kuwaeleza.

Nimeonana na Boti Mpya ana kwa ana, tumekaa Mkunguni baada ya Alasiri, pamoja na Tanga Mbili na wengine. Tumekubaliana mambo ya kufanya. Katiba yetu inaruhusu thuluthi moja ya wanachama kuitisha mkutano maalumu kwa barua yenye ajenda, na kamati ikipokea barua hiyo lazima iitishe ndani ya siku 21. Barua tumeiandika. Lugha yake ni ya heshima, haina jina la mtu hata mmoja, maana hatutaki kumvunjia mtu uso. Wale vijana ni ndugu zetu na tutakutana nao gatini kila siku.

Ajenda ya kwanza ni kuthibitisha kwamba kanuni zilizopitishwa na mkutano mkuu zinatumika mpaka mkutano mkuu uzibadilishe. Hii iwe kwenye kumbukumbu kwa maneno hayo hayo, ili kamati ijayo baada ya hii isiulize tena. Ya pili, malipo ya kanuni ya saba yatolewe kwa familia ya marehemu kama yalivyoidhinishwa. Ya tatu, kurasa za nyuma zitamkwe kuwa hazina nguvu. Ya nne ni ya Boti Mpya mwenyewe: marekebisho ya zamu, kwamba zamu iwe ya mwenye boti, mtu mwenye boti tatu asipate nafasi tatu mbele ya mwenye moja. Nimemwambia nitaiunga mkono, na nitaipigania kwa sababu ina haki ndani yake.

Boti Mpya alitaka ajenda ya nne itangulie ya kwanza. Nimemkatalia. Huwezi kurekebisha kanuni ambayo hujakubali kwanza kuwa ipo.

Boti Mpya

Nathibitisha aliyoyasema. Mpangilio wa ajenda bado sijaridhika nao na nitasema hivyo mkutanoni, ila sahihi nimeshatia. Kwa wanachama walioko kwenye uzi huu: barua iko kwa fundi wa mashine, njia ya gati ya mizigo. Atakayekwenda achukue na kitambulisho, kwa sababu nambari inaandikwa. Walioko Mokowe watavushiwa karatasi na boti ya asubuhi. Tunahitaji sahihi kumi na moja zaidi, na mwisho ni Alhamisi.